Nyumba Iliyobaki Karatasini

Dirisha lile hakulichora yeye.

Mchoraji aliliona asubuhi kabla hajanawa uso, kasimama na kikombe cha chai mbele ya karatasi kubwa aliyoibana ukutani kwa misumari midogo. Mchoro ulikuwa wa mtaa wao mzima, wote kwa penseli: kiwanda kipya cha kusokota nyuzi, dohani yake ndefu ya moshi, maghala, nyumba za ghorofa zilizobanana bega kwa bega, na katikati jumba la mashine za mvuke lililomalizwa kujengwa juzijuzi. Ukuta wa jumba hilo aliuacha mtupu. Mashine inataka dirisha la nini, ipunge upepo? Sasa dirisha lilikuwapo, dogo, la mbao, ubao mmoja umesogezwa kidogo kama vile kuna aliyechungulia, akasikia mtu anakuja, akarudi ndani.

"Usingizi huo," akajiambia, akacheka peke yake. Akaenda kabatini akamega mkate.

Wasioijua kazi hii huenda wakashangaa. Mchoraji anayejiheshimu hafuti penseli kwa mpira, maana mpira huchubua karatasi nzuri. Hufuta kwa mkate, ule ulaini wa ndani; anaufinyanga vidoleni mpaka uwe kidonge, anaugandamiza juu ya mstari, na mkate unanyonya weusi wote. Chembe zinazodondoka anazipuliza. Huyu bwana alikuwa amepuliza miaka yote ya kazi yake, fuu, kuelekea dirishani, na njiwa wa pale nje walishamzoea kuliko majirani. Akalifuta lile dirisha, akapuliza, akaenda kunawa.

Kesho yake lilikuwapo tena, na ubao ulikuwa wazi zaidi.

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa lake, na lilikuwa kosa la kifundi. Meneja wa kiwanda alipomwagiza mchoro wa kutundika ofisini, pale penye jumba la mashine palikuwa bado na nyumba kuukuu ya ghorofa ambayo hakuna aliyethubutu kupanga. Watu wa mtaa walisema ina mwenyewe, na hawakumaanisha binadamu. Mchoraji akaichora kwa mapenzi yote, kila ubao, kila plasta iliyobanduka. Kisha kiwanda kikaibomoa, na meneja alipopita kuona kazi imefikia wapi, akakunja uso.

"Hii takataka bado inafanya nini hapa? Itoe. Weka jumba la mashine."

"Nitaitoa, bosi."

Hakuitoa. Aliififisha tu kwa mkate, kisha akachora jumba la mashine juu yake, kona kwenye kona, paa kwenye paa, kwa kuwa mistari ilikuwa tayari na roho ilimuuma kupoteza kazi nzuri namna ile. Wachoraji wengi hufanya hivyo. Lakini penseli ikikandamizwa huchimba karatasi, na mkate huondoa weusi, hauondoi ule mfereji. Ardhini nyumba ilikuwa kifusi. Karatasini ilikuwa imesimama vilevile, na mwenyewe, aliyeachwa nje bila paa, aliiona.

Mchoraji naye alikuwa na haraka yake. Meneja alimwahidi kwamba mchoro ukipendeza atapewa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi kule mlimani, mbali na moshi. Binti yake wa pekee alikuwa na kifua. Mkewe alikuwa dobi. Kila akianua nguo kwenye kamba anakuta zimeota masizi, anazifua upya huku anaitukana dohani, kisha mtoto anakohoa ndani na yeye ananyamaza ghafla. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba moshi ule mtoto hatauweza. Walimwita Kasuku, maana alikuwa anaamka anaongea na analala anaongea, na maswali yake yalikuwa hayana mwisho.

Kasuku akanyamaza.

Mama mtu ndiye aliyegundua. Alirudi na beseni la nguo akamkuta mtoto amekaa sakafuni mbele ya mchoro, magoti kifuani, midomo inacheza bila sauti. Chumba kilikuwa kinanuka chokaa iliyolowa na vumbi la nyumba iliyofungwa muda mrefu, ingawa dirisha lao lilikuwa wazi.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba gani? Huyu wetu wa kodi?"

"Si huyo. Wa pale." Akanyoosha kidole kwenye jumba la mashine. "Anasema baba kamjengea nyumba nzuri ila hana wa kukaa naye. Ananiambia nipande ngazi nikaone."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nilipanda jana. Mama, kule ndani kuna baridi!"

Mama akamshika mkono amwondoe pale, na ndipo alipoona vidole. Vilikuwa vya kijivu, kijivu kile kinachong'aa cha penseli, kuanzia kwenye kucha mpaka kwenye viganja. Akaviweka kwenye maji ya sabuni akavisugua kama anavyosugua kola za mashati, akasugua mpaka mtoto akalia, na kijivu hakikutoka. Kilikuwa kimo ndani ya ngozi.

Jioni alimvuta mumewe pembeni, akamnong'oneza kwa sauti ya mtu anayeogopa ukuta usimsikie.

"Baba Kasuku, ile karatasi yako itoe humu."

"Niitoe niipeleke wapi? Bado haijaisha."

"Mtoto anaongea nayo."

"Huyo anaongea hata na kijiko, huyo."

"Usinifanye mjinga! Umemtazama mwanao leo? Umemtazama?"

"Ngoja kwanza niikabidhi," mchoraji akasema, huku macho yake yako ukutani, anapima kivuli cha ghala. "Nikishaikabidhi tunahama, na hayo mengine yote yanabaki hapahapa na moshi wao."

Hakumwambia kwamba asubuhi ile lile dirisha lilikuwa limefunguka lote. Hakumwambia pia kwamba kazi iliyokuwa inajichora yenyewe ilikuwa bora kuliko yake, na kwamba sehemu fulani ya moyo wake, sehemu chafu kabisa, ilikuwa inataka kuona itaishia wapi.

Kikaja kikohozi. King'ora cha kiwanda kilikuwa kimeshalia, wafanyakazi wamepita barabarani na viatu vyao vizito, na mtaa umetulia, na mke na mume walikuwa wamekaa mezani bila kuongea, na mtoto yuko kitandani kwake mita chache kutoka walipokaa, kalala chali, amefumba macho, shuka limemfika kidevuni. Na kikohozi cha Kasuku, kile kikavu chenye filimbi mwishoni ambacho mama yake angekitambua sokoni katikati ya watu elfu, kikasikika kutoka ukutani, mbali kidogo, kama kimetokea juu ya ngazi za mbao katika chumba kitupu, na mama akageuka kumtazama mtoto kitandani akaona kifua chake kimetulia tuli, hakipandi wala hakishuki, na kikohozi kikasikika tena kutoka kule kule karatasini, na baada yake ikaja sauti ya kitasa kinachofungwa kwa taratibu na mtu ambaye hana haraka yoyote.

Mama akamrukia mtoto akamtikisa mpaka akavuta pumzi. Shavu lake la kushoto lilikuwa na mistari myembamba iliyolala pamoja upande mmoja, ile ambayo wachoraji huiweka penye kivuli.

"Namwita shangazi," akasema.

"Huyo tena?"

"Baba Kasuku, fungua mdomo mara nyingine nikupasue na pasi yangu."

Shangazi yake alikuwa mkunga, mwanamke mnene mwenye mikono mifupi na ulimi usio na breki, ambaye kati ya mtoto mmoja na mwingine alikuwa akitoa majini kwenye nyumba za watu. Mchoraji hakumpenda. Shangazi naye hakuficha kwamba katika wachumba wote waliomposa mpwa wake, huyu wa penseli alikuwa wa mwisho kabisa kwenye akili yake. Aliingia asubuhi bila kubisha, akamwinua mtoto kope, akalamba kidole akakipitisha kwenye shavu lake, akakionja. Akaenda kwenye mchoro akanusa karatasi kuanzia juu hadi chini.

"Hapa palikuwa na nini?" akauliza, kidole kwenye jumba la mashine.

"Nyumba ya zamani," mchoraji akasema.

"Ukaifuta?"

"Nili... niliipunguza."

"Uliipunguza! Lo, mkwe wangu, una akili wewe? Watu wamelitoa jini kwenye nyumba yake kwa sululu, wewe ukalikaribisha humu kwa penseli. Tena ukaliwekea na mtoto." Akashusha sauti. "Nusu yake imeshahamia huko. Sikiliza, na usikilize kwa masikio mawili. Uliyeijenga ni wewe, na wa kuibomoa ni wewe. Utaifuta nyumba yote, ya juu na ya chini yake, paa kwanza, msingi mwisho. Utaifuta mchana kweupe, siku ambayo kiwanda hakitoi moshi. Utakuwa peke yako humu, na lolote utakaloambiwa usijibu."

"Na meneja nitamwambia nini?"

Mkewe alimtazama. Mchoraji akainamisha kichwa.

"Bado sijamaliza," shangazi akaendelea. Akaweka bakuli jeupe mezani. "Utakachokitoa kwenye karatasi, mwanao yumo. Kila chembe ya mkate iingie humu. Nitaikoroga na maji nimwoshe, na kila kitu chake kitamrudia. Ukimkuta dirishani, na utamkuta, mfute taratibu kama unamfuta mtoto kamasi. Na usipulize. Umenisikia? Niangalie usoni. Usipulize!"

"Nimesikia, shangazi. Mimi si mtoto."

Siku kiwanda kilipopumzika anga likawa safi kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Shangazi na mama wakamkalisha Kasuku ukumbini, nje ya mlango, amefunikwa kanga. Mchoraji akajifungia ndani, akashusha karatasi, akailaza mezani karibu na dirisha penye mwanga. Akafinyanga mkate. Akaanza na paa.

Mwanzoni ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Jumba la mashine likatoka, na chini yake ile nyumba kuukuu ikajitokeza mstari kwa mstari, nyeusi na mbichi, kama imechorwa asubuhi hiyo. Harufu ya chokaa ikamjaa puani. Kila alipogandamiza mkate alisikia mahali fulani ndani ya karatasi mbao zinavunjika, kisha vishindo vya mtu anayeshuka ghorofani, kisha sauti ikaanza kuongea naye karibu na sikio, sauti ya mtu mzima mwenye adabu.

"Fundi, mbona unajidhulumu? Nani ataweza tena kuchora plasta kama ile?"

Hakujibu. Alifuta, akakusanya chembe nyeusi kwa ukingo wa kiganja, akazimwaga kwenye bakuli.

"Ghorofa ile uliichora kwa siku ngapi? Mkono wako ni mzuri, fundi. Meneja hajui kitu. Tazama huu ukuta, tazama kabla haujaondoka."

Akautazama, Mungu amsamehe. Ulikuwa mzuri kweli. Akaufuta, akafika kwenye dirisha, na Kasuku alikuwapo, uso mzima, ameegemeza kidevu kwenye mikono, anamtazama baba yake. Na uso ule ulikuwa umechorwa kwa ustadi ambao mchoraji hakuwahi kuuona popote, kope moja moja, unyevu wa mdomo, hata pumzi, na machoni mwake alikuwa anaomba kutolewa mle, na baba mtu akaanza kumfuta taratibu kama alivyoelekezwa, paji, kisha jicho, kisha jicho la pili, huku machozi yanamdondoka na ile sauti sasa imenyamaza kabisa, na alipofika shavuni chembe nyeusi zilikuwa zimejaa juu ya mstari mmoja mwembamba wa kidevu, akashindwa kuuona vizuri, na sauti ikarudi, kwa upole, kama fundi anayemsaidia fundi mwenzake:

"Hapo kuna uchafu."

Akainama akapuliza.

Fuu. Mkono na mdomo vilifanya kazi yao kabla kichwa hakijajua. Chembe ziliruka juu ya bakuli, zikapita, zikatua kwenye kizingiti cha dirisha, na njiwa walikuwa wanangoja palepale kama kila siku. Mchoraji alipiga ukelele akajitupa dirishani, akaangusha kiti, akanyoosha mikono, na njiwa wakamaliza kudonoa wakaruka juu ya mapaa, wakaipita dohani, wakapotea. Nyuma yake, pale palipofutwa karatasini, kuna kitu kilicheka.

Kisha akamsikia mkewe ukumbini. Kilio kile sitakielezea.

Kasuku alikuwa amekaa vilevile kwenye paja la mama yake. Alikuwa hai, shingo yake ilikuwa ya moto na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Ila pale penye uso palikuwa na ngozi laini, safi, isiyo na kitu, yenye mifereji hafifu mahali palipokuwa na macho na mdomo. Pumzi ilikuwa inapenya kwenye vitundu viwili vidogo kama vya sindano.

"Bakuli!" shangazi akasema. "Lete bakuli, upesi! Chembe zote zimo?"

"Zote," mchoraji akasema.

Shangazi akamimina maji, akakoroga, akamwosha mtoto kwa mikono miwili. Maji meusi yakatiririka shingoni. Ngozi ikabaki ngozi. Akamwosha tena, taratibu zaidi, kisha akasimama, akamgeukia mkwe wake.

"Umepuliza," akasema.

Mchoraji akatazama dirishani. Mkewe alimtazama yeye, akamtazama shangazi, na alipoelewa hakupiga kelele tena. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Chukua penseli."

"Hapana, mwanangu," shangazi akasema. "Hapo usiguse. Lile jini sasa halina nyumba, liko hapahapa linazunguka linatafuta pa kuingilia. Huyu akichora, ni yeye tena analijengea."

"Asipochora mwanangu atakula kwa wapi? Atakunywa kwa wapi?" Akamgeukia mumewe. "Chora! Wewe si fundi? Mchore!"

Akapiga magoti mbele ya binti yake na penseli mkononi. Aliweza kuchora kila dirisha la mtaa ule akiwa amefumba macho. Alijua dohani imeinamia upande gani na ufa wa ghala la pamba unaanzia tofali lipi. Penseli ikaganda hewani. Alitafuta kichwani uso wa mtoto aliyekula naye meza moja kila siku ya maisha yake, na alichopata ni sauti tu, sauti nyuma ya mgongo wake inauliza maswali wakati yeye anafanya kazi. Uso ule wa dirishani, uliochorwa na jini, nao ulikuwa umeshamtoka.

"Macho yake," akauliza, "yalikuwa yamekaa vipi?"

Mkewe akamtazama kwa chuki ambayo haikumtoka tena mpaka kufa. Kisha akaanza kumwelekeza, huku analia: macho makubwa, yamekaa mbalimbali, nyusi nyepesi, pua kama ya kwako, mjinga wewe, mdomo wa juu umejikunja kidogo, sio hivyo, kidogo zaidi. Mchoraji akachora juu ya ngozi ya mwanawe, na hakuthubutu kufuta. Alipomaliza, ulikuwa uso wa mtoto. Mtoto yeyote, mmoja wa wale wanaowekwa barabarani kwenye mchoro ili mtu ajue jengo lina urefu gani.

Macho yakafunguka. Yakazunguka ukumbi bila haraka, dari, pembe, mlango, kama mpangaji mpya anavyokagua chumba. Mikono midogo ya kijivu ikainuka ikajipapasa mashavu, ikashuka ikajigonga kifuani, na kifua kikakoroma.

"Afadhali hapa," sauti ya Kasuku ikasema. "Kule kulikuwa na baridi. Hapa ni kifua tu kibovu, na hicho kitarekebishwa."

Shangazi akaokota bakuli lake, akashuka ngazi bila kuaga. Mchoraji alikuwa bado amepiga magoti, penseli imemponyoka.

"Mama," sauti ikasema, "nina njaa."

Mwanamke akautazama ule mdomo aliouelekeza mwenyewe. Kisha akajifuta machozi, akainuka kwenda kuwasha jiko.